Kikombe Kikipasuka Mkononi mwa Fundi, Nani Alipe?

Umempa fundi kikombe chako cha kioo akitie nakshi. Kimepasuka mkononi mwake. Nani alipe?

Swali hili lilimfikia Ulpianus, mwanasheria wa Kirumi aliyeishi miaka 1,800 hivi iliyopita, mtu wa asili ya Tiro katika Lebanoni ya leo. Jibu lake limebaki ndani ya Digesta, ule mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinianus mwaka 533. Kama fundi amekivunja kwa kutoijua kazi, alipe. Kama kikombe kilikuwa na nyufa tayari, amesalimika. Halafu anaongeza jambo ambalo linanionyesha kwamba aliwahi kuwasikiliza watu wa karakana: mafundi wengi wa kazi hiyo hupatana na mteja mapema kwamba hasara isiwe juu yao, na wakishapatana hivyo hakuna kesi.

Mimi nakodisha vyombo vya sherehe. Sahani, hotpoti, majagi, glasi za maharusi zenye shina refu. Kwenye karatasi ya makubaliano ninayowapa wateja kuna mstari mmoja kuhusu glasi zinazovunjika, na watu huugombania huo kuliko bei yenyewe. Basi Ulpianus nilimwelewa kabla sijamaliza aya yake. Aliyenishinda ni mteja wake. Kwangu anayevunja ndiye anayelipa, mjadala umekwisha. Yule Mrumi alikubali vipi kumkabidhi kikombe mtu anayemwambia usoni kwamba kikivunjika, shauri yako?

Nikaanza kusoma habari za vyombo vya mezani vya Warumi nikimtafuta huyo mteja. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kioo chenyewe, baada ya muda, kilikuwa kitu cha bei ya chini mno. Mwenye fedha zake alikuwa akinunua saa za mtu, na hatari ambayo mtu huyo aliibeba katika vidole vyake.

Zamani zaidi haikuwa hivyo. Kioo kilikuwa cha wakubwa kwa sababu kukifinyanga kulikuwa mateso matupu. Tazama yale mabakuli ya rangi nyingi ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Fundi alianza kwa kuvuta vijiti vya kioo, kila kijiti rangi juu ya rangi: kiini cha njano, duara jeupe, ganda la zambarau. Kijiti kikishapoa alikikata vipande vyembamba, na kila kipande kikatoka na ua lile lile usoni. Akavipanga ubavu kwa ubavu mpaka vikafanya duara pana, akavitia moto vikashikana, kisha akalilaza lile duara lililolegea juu ya kalibu, likateremka taratibu na kuchukua umbo la bakuli. Hapo bado lilikuwa na sura mbaya. Likasuguliwa ndani na nje hadi maua yakatokeza. Ukizikuza picha zake unaona maua yaliyovutika karibu na ukingo, pale ambapo kioo kilinyooka kilipokuwa kikiteremka, na chini katikati yamebaki ya mviringo. Hayo yote kwa bakuli la kutosha kiganja.

Mambo yaligeuka katikati ya karne hiyo hiyo, upande wa Shamu na Palestina. Mwanaakiolojia Nahman Avigad, alipokuwa akichimba Mtaa wa Wayahudi katika mji wa kale wa Yerusalemu, alikuta taka za karakana ya kioo, na ndani yake vijibomba vya kioo ambavyo ncha moja ilikuwa imezibwa kwa moto na kupulizwa hadi ikavimba. Ni ushahidi wa mapema kabisa tulionao wa mtu kupuliza kioo. Baadaye kikaja kijibomba cha chuma, na kwa vizazi viwili vitatu ufundi ukaenea hadi Italia na Gaul, Ufaransa ya leo. Fundi mmoja, pumzi moja, chombo kimoja. Strabo, mwanajiografia wa zama za Kaisari Augustus na Tiberius, anaandika kwamba mjini Roma bakuli au kikombe kidogo cha kunywea ulikipata kwa sarafu ya shaba. Mwandishi Plinius, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anasema kioo kilikuwa kimeifukuza dhahabu na fedha kwenye meza za kunywea. Na yule tajiri wa kubuniwa wa mwandishi Petronius, Trimalchio, mtumwa aliyeachwa huru akapata fedha zikampanda kichwani, anawaambia wageni wake kwamba anakipenda kioo kwa kuwa hakina harufu. Kingekuwa hakivunjiki angekipenda kuliko dhahabu, ila siku hizi kimekuwa rahisi. Hapo sauti yake unaisikia kabisa. Kinachomuuma ni kwamba hata jirani anacho.

Urahisi huo ulikuwa na mizizi mbali. Kioo cha Kirumi ni mchanga na magadi. Magadi yalichotwa Wadi El Natrun, bonde la maziwa ya chumvi huko Misri. Mchanga uliosifiwa kuliko wote ulikuwa wa mto Belus karibu na Akko, uliochanganyika na vipande vya makombe ya baharini; makombe huleta chokaa, na bila chokaa kioo cha magadi huliwa na maji. Matanuri makubwa ya pwani hiyo na ya Misri yaliyeyusha mzigo mzima kwa mara moja, ukapoa, ukavunjwa mabonge, mabonge yakapakiwa melini. Meli iliyozama karibu na visiwa vya Embiez, kusini mwa Ufaransa, mnamo mwaka 200, ilibeba tani nyingi za mabonge hayo. Kwa hiyo fundi wa Köln, Ujerumani, aliyesifika kwa kazi zake huenda hakushika mchanga wa Belus maisha yake yote. Alinunua bonge, akaliyeyusha tena, akapuliza. Na vilivyovunjika vilirudi motoni. Mshairi Martialis anamtaja mchuuzi wa ng'ambo ya mto Tiber aliyezunguka akibadilisha vijiti vya kiberiti kwa vigae vya vioo. Katika meli nyingine, iliyozama nje ya Grado kaskazini mwa Italia, wazamiaji walikuta pipa la mbao lililojaa vigae vya vyombo vya kioo, safarini kwenda kuyeyushwa.

Sasa tazama bei. Mwaka 301 Kaisari Diocletianus alitoa amri ya kupanga bei za karibu kila kitu, na sehemu ya vioo imesomwa kwenye mawe yaliyopatikana Aphrodisias, Uturuki. Kioo ghafi cha Aleksandria, ratili moja kwa dinari 24. Kioo ghafi cha Yudea chenye ukijani, 13. Vikombe na vyombo laini vya kioo cha Aleksandria, ratili kwa dinari 30. Vya Yudea, 20. Kibarua wa shamba katika amri hiyo hiyo alilipwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula.

Nilipoiona orodha hiyo nilichukua kalamu. Kutoka bonge hadi kikombe, kioo cha Aleksandria kimepanda dinari 6 kwa ratili, cha Yudea 7. Ratili ya Kirumi ni kama gramu 327, na glasi nyepesi iliyopulizwa vizuri haifiki hata nusu yake. Yaani pumzi ya fundi, kuni zake, mkono wake na miaka yake ya kujifunza, vyote pamoja vilithaminiwa dinari tatu hivi au pungufu kwa glasi, na vikapimwa kwenye mizani. Halafu ona neno lililotumika: vyombo laini. Vyenye nakshi havipo kwenye sehemu hiyo ya vioo. Huwezi kumpimia mchongaji kwa ratili, maana akishamaliza kazi kikombe kimekuwa chepesi zaidi.

Kwa hiyo mafundi wa kioo waligawanyika njia mbili kuelekea kwenye fedha. Ya kwanza ni kalibu. Unachonga kalibu mara moja, kwa uangalifu, na kila unapopuliza ndani yake kikombe kinatoka na nakshi zake na maandishi yake tayari. Bwana wa njia hii alikuwa Ennion, anayedhaniwa kuwa mtu wa Sidoni, karne ya 1. Vikombe na majagi yake yana mistari iliyonyooka, majani, masega ya nyuki, na katikati kibao kidogo chenye masikio pembeni. Upande mmoja kibao kinasema kwa Kigiriki: Ennion ndiye aliyefanya. Upande wa pili kwenye baadhi ya vyombo: akumbukwe anayenunua. Namheshimu sana huyu mtu. Hakujitangaza peke yake, alimtaja na mteja. Bidhaa zake zimepatikana kutoka Palestina na Saiprasi hadi Italia na Hispania. Jagi lake moja lilikutwa Yerusalemu katika nyumba iliyochomwa Warumi walipoubomoa mji mwaka 70, nalo limelegea na kupinda kwa moto ule.

Kalibu ndiyo iliyoleta vikombe vya mashabiki pia. Karne hiyo hiyo, upande wa Gaul na Uswisi hasa, watu walinywea kwenye vikombe vyenye wapiganaji wa uwanjani wamesimama wawili wawili, na jina la kila mmoja juu ya kichwa chake. Petraites yumo, naye ndiye yule yule ambaye Trimalchio anajisifia kuwa na mapigano yake kwenye vikombe vyake vya fedha. Spiculus naye yumo, mpiganaji ambaye Kaisari Nero alimpa nyumba na mashamba ya hadhi ya jemadari aliyeshinda vita.

Ninachokipenda zaidi ni cha mbio za magari ya farasi, kilichopatikana kaburini Colchester, mashariki mwa Uingereza, na sasa kiko British Museum. Kidogo tu, kama sentimita 8 kwenda juu, kioo cha kijani chenye ubuluu, kimejaa mapovu. Kuna magari manne, kila moja na farasi wanne, yanakimbizana kuzunguka kikombe bila mwanzo wala mwisho. Kuna pia ule ukuta wa katikati ya uwanja na nguzo zake. Juu kabisa, mkanda wa maandishi: Hierax, kwaheri, Olympae, kwaheri, Antiloce, kwaheri, Cresces, salaam! Watatu wameshindwa, mmoja ameshinda. Ukikizungusha mkononi unasoma matokeo ya mbio yote. Mshono wa kalibu unaonekana, na hakuna aliyehangaika kuuficha. Fundi alijua anamuuzia nani: mtu ambaye hajali mshono, anajali Cresces ameshinda.

Vyombo hivi vilisafiri hadi mahali ambapo jeshi la Roma halikufika kabisa. Vindolanda, kambi ya jeshi iliyo karibu na ukuta wa Kaisari Hadrianus kaskazini mwa Uingereza, vimefukuliwa vipande vya kikombe kilichochorwa wapiganaji kwa rangi, kimoja mwaka fulani, kingine baada ya miaka mingi, vikaungana. Hapo bado tuko mpakani mwa dola. Lakini katika makaburi ya kisiwa cha Zealand huko Denmaki, mahali kama Himlingøje, Nordrup na Varpelev, wakuu wa kabila walizikwa na vikombe vya rangi vyenye chui, mafahali na wapiganaji ambao katika maisha yao hawakuwahi kuwaona. Begram nchini Afghanistan, Wafaransa wakichimba mwaka 1937 na 1939 walifungua vyumba viwili vilivyokuwa vimezibwa wakakuta shehena ya vioo, kimojawapo kikiwa na mnara wa taa wa Aleksandria umetokezwa kwenye ubavu wake.

Na pwani yetu? Kile kitabu cha safari za Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katikati ya karne ya 1, kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa Azania hadi soko la mwisho, Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, vishoka, visu, vyuma vya kutobolea, na aina nyingi za vijiwe vya kioo. Mvinyo kidogo na ngano vililetwa pia, ila kwa ajili ya kupata hisani ya wenyeji, si kwa kuuza. Kurudi walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za zama za Kirumi kutoka eneo la delta ya Rufiji. Wengine wanasikitika kwamba wakati Begram inaletewa minara ya taa, sisi tulipata shanga. Mimi mtu wa vyombo naona mchuuzi alipiga hesabu sahihi. Shanga unaimwaga kwenye gunia, unaipandisha jahazini, unavuka nayo misimu miwili ya upepo na inafika nzima. Kikombe hakikuhakikishii hivyo.

Turudi kwa wenye fedha. Njia ya pili ya nakshi ni kukata, na hapo bei zinapanda hadi zinachekesha. Plinius anasema zama za Nero vikombe viwili vya kioo, tena vidogo, viliuzwa kwa sesterti 6,000. Askari wa kawaida wa Roma wakati huo alipata 900 kwa mwaka. Askari angetumika miaka sita na ushee, asile wala asivae, apate vikombe viwili. Kioo kilichothaminiwa kuliko vyote, anasema Plinius huyo huyo, ni kile kisicho na rangi kabisa, kinachokaribia lile jiwe angavu liitwalo bilauri. Mchanga una chuma ndani yake na chuma ndicho kinacholeta ule ukijani. Kuuondoa kulihitaji kutia antimoni au manganisi kwa kipimo.

Na bilauri hiyo ndiyo ilitaka kumuua mtu. Vedius Pollio, tajiri mmoja, alikuwa na Kaisari Augustus mezani. Mtumwa akavunja kikombe cha bilauri. Pollio akaamuru atupwe kwenye bwawa alilofugia mikunga. Kijana akaponyoka, akaanguka miguuni mwa Augustus, na mwanafalsafa Seneca anasimulia kwamba hakuomba hata kusamehewa. Aliomba tu afe kwa namna nyingine, asiliwe na samaki. Augustus akaagiza kijana aachiwe, vikombe vyote vya bilauri vya nyumba ile vivunjwe hapo hapo mbele yake, na bwawa lifukiwe. Watu huisimulia kama hadithi ya huruma ya Kaisari. Sawa. Lakini nani aliviokota vigae baada ya chakula? Watumwa wale wale, ambao usiku uliofuata walihudumia meza nyingine isiyo na Kaisari.

Chombo cha Portland nitakipita haraka kwa sababu si cha mezani, ila siwezi kukiacha kabisa. Ni cha Kirumi, cha kioo cha tabaka mbili, buluu nzito ndani na nyeupe juu, na fundi ameukata weupe hadi zikabaki sanamu za watu juu ya buluu. Tarehe 7 Februari 1845, ndani ya British Museum, kijana mmoja aliyekuwa na ulevi wa siku kadhaa kichwani alikirushia jiwe kikawa vipande vipande. Sheria ya Uingereza wakati huo ya kuharibu mali ilihusu vitu visivyozidi thamani ya pauni 5. Kwa hiyo alihukumiwa kwa kuvunja kabati la kioo lililokifunika. Faini pauni 3, na kuna mtu asiyejulikana aliyemlipia. Ulpianus angeshika kichwa.

Sasa nifike kwa fundi ambaye Ulpianus alimzungumzia. Kilatini kinamwita diatretarius, naye si mpulizaji. Sheria ya Kaisari Constantinus ya mwaka 337, iliyowaondolea mafundi majukumu ya kiserikali ili wapate nafasi ya kujifunza na kuwafundisha watoto wao, inawataja hawa mbali na watengeneza vioo. Ni kazi mbili. Mmoja anatoa kikombe kinene na kizito, mara nyingine chenye tabaka za rangi pale zinapohitajika, na kukipoza polepole sana. Wa pili anakipokea kikiwa baridi na kuanza kukila kutoka nje kwa magurudumu madogo yanayozunguka na unga wa kusagia. Anaondoa karibu kila kitu. Kinachobaki ni ukuta mwembamba wa kikombe na, milimita chache mbele yake, wavu wa kioo unaoelea hewani, umeshikiliwa na viguzo vidogo ambavyo ukikitazama kikombe kwa mbele huvioni. Wavu na kikombe ni kipande kimoja. Hakuna gundi mahali popote. Wapo wanaodai vilitolewa kwa kalibu, lakini alama za magurudumu nyuma ya wavu zinanitosha mimi kusimama na wachongaji.

Vilivyojulikana ni vichache, 50 hivi, na vingi ni vigae. Cha Köln kilipatikana mwaka 1960 kwenye kaburi la Braunsfeld, kina urefu wa sentimita 12, cha karne ya 4. Wavu wa kijani, ukanda wa njano juu yake, na juu kabisa herufi nyekundu za Kigiriki zilizosimama peke yake hewani: kunywa, uishi vyema daima. Kila herufi imekatwa pande zote na kuachwa na kiguzo chake nyuma. Fikiria mtu ameshamaliza wavu mzima, yuko kwenye herufi za mwisho, na gurudumu linateleza. Hakuna kuunga. Hakuna kuyeyusha upya, maana thamani haikuwa kwenye kioo. Hapo nikamwelewa yule mteja aliyekubali kubeba hasara. Angemlazimisha fundi alipe, asingempata fundi. Kila aliyeiweza kazi hiyo alikuwa ameshajua kwamba kuna kikombe kitakachomvunjikia bila kosa lake, na fundi wa kulipia kikombe cha namna hiyo hajazaliwa.

Kama vilinywewa kweli, hilo wataalamu wanabishana. Ukingo wa baadhi yake unapanuka nje, haukai mdomoni, na kimoja kilichoko makumbusho ya kioo ya Corning, Marekani, kina pete ya shaba na mkono wa kuning'inizia. Hicho ni taa. Mimi ningeweka mafuta na maji mle, niwashe, nikae mbali.

Kipo kimoja ambacho wavu wake ni watu. Kinaitwa Kikombe cha Lycurgus, cha karne ya 4, nacho kiko British Museum tangu 1958. Mfalme Lycurgus wa Thrakia aliwavamia wafuasi wa Dionysus, mungu wa mvinyo. Ambrosia, mmoja wa mabinti waliokuwa naye, akageuzwa mzabibu, akamsokota mfalme. Kwenye kikombe yuko uchi, miguu imepanuka, mikono inavuta matawi yanayomnyonga, na Dionysus kando anamtazama na fimbo yake. Nyuma ya miili mchongaji amekwangua hadi kioo kikawa chembamba ili mwanga upite. Na mwanga ukipita ndipo linatokea jambo: ukikimulika kwa mbele ni kijani kizito cha jiwe, ukiweka taa ndani yake kinakuwa chekundu. Utafiti uliochapishwa 1990 ulionyesha sababu. Ndani ya kioo kuna chembe za fedha na dhahabu zilizochanganyika, chini ya nanomita 100 kila moja, na dhahabu yenyewe ni sehemu 40 hivi tu katika milioni.

Kuanzia hapo intaneti imekuwa na kelele kwamba Warumi walikuwa na nanoteknolojia. Siamini. Vioo vya Kirumi vinavyobadilika rangi hivi ni vichache mno, vingi ni vigae, na katika kikombe hiki hiki kuna sehemu karibu na kiwiliwili cha mfalme inayotoka zambarau badala ya nyekundu, kwa kuwa mchanganyiko haukuwa sawa. Mtu aliyeimudu siri angeirudia. Naona zaidi karakana iliyopata bonge la ajabu, ikajua ni la ajabu, na pengine isingelipata tena. Halafu likakabidhiwa kwa mkataji.

Na hata hicho hakikufika kwetu kizima. Chui wa Dionysus aliyekuwa akimrukia mfalme, uso wake umebanduka. Na ule ukingo wa kung'aa na mguu wenye majani ya mzabibu unaoviona kwenye picha zote si vya Kirumi; ni madini yaliyopakwa dhahabu, yaliwekwa na mtu mwingine karibu na mwaka 1800.